Bondia anaanza kuvunjika miguuni: jinsi ya kusoma presha ulingoni

Ukikaa banda umiza la Manzese, Tandale ama Mbagala usiku wa vitasa utaona kelele zote zinafuata mikono. Ngumi ikitoka watu wanaruka hata kama imeishia kwenye glovu, bondia akirudi hatua mbili tu tayari kuna mtu kashasema "kwisha habari yake". Sasa raundi ya 7 yule yule aliyekuwa anarudi nyuma anamlaza mwenzake, banda zima linaanza kuulizana imekuwaje, huyu anasema bahati, yule anasema pambano limeuzwa. Mara nyingi wala sio bahati wala halijauzwa, mambo yalishaanza kuonekana toka raundi ya 4, ila macho yetu yalikuwa kwenye ngumi na habari yenyewe ilikuwa miguuni.

Tuanze na presha maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Presha sio kurusha ngumi nyingi. Mtu anaweza kurusha ngumi kibao huku anakimbia na asimpe mwenzake presha yoyote, na mwingine akarusha chache tu ila mpinzani wake anaenda kona anahema vibaya. Presha ni kumnyima mtu muda wa bure. Raundi ina dakika 3 lakini hakuna bondia anayepigana dakika 3 kamili, kila mtu ana vile visekunde vyake vya kuiba, anatoka nje ya ngumi, anavuta pumzi, anashusha mabega, anajipanga upya, anafikiria hili jamaa linataka kufanya nini. Bondia wa presha kazi yake ni kuviiba vile visekunde. Anakuja, unampiga jebu (ile ngumi nyepesi ya mkono wa mbele), bado anakuja, unazunguka kulia unamkuta kashafika, unamkumbatia, refa anawaachanisha, kabla hujaweka gadi, yaani mikono ya kujikinga, sawa yuko tena kifuani kwako. Wanaodaiwa mikopo ya kausha damu wanaijua hii hali vizuri, simu moja ya mdai haikuui, kinachokumaliza ni kwamba kila ukitaka kukaa chini ufikirie utapata wapi hela simu inaita tena.

Na sio kumfuata fuata. Kuna mabondia wengi hapa kwetu wanadhani presha ni kutembea mbele, basi jamaa anazunguka ulingo na yeye yuko nyuma yake anazunguka, hiyo ni kazi bure na anayechoka ni anayefuata. Ulingo kwa kawaida una futi 16 mpaka 24 kila upande, sasa ukimfuata mtu kwa nyuma hizo futi zote ni zake. Fundi wa presha haendi alipo mtu, anaenda pale mtu anapotaka kutokea. Wewe ukitaka kwenda kushoto yeye kashaweka mguu upande huo, hatua yake moja inakula hatua zako tatu, na kila mara eneo lako linapungua mpaka unajikuta mgongo umegusa kamba na hujui umefikaje. George Foreman, bondia Mmarekani wa uzito wa juu, alikuwa hatari sana kwa hili. Januari 1973 kule Kingston, Jamaica alimwangusha Joe Frazier mara 6 ndani ya raundi 2, na Frazier ndo alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu na hajawahi kupigwa, mwaka uliofuata Foreman akammaliza Ken Norton nae raundi 2. Watu wanakumbuka nguvu za mikono yake tu, mimi naona miguu ndo ilikuwa inawapeleka wale watu kwenye hiyo mikono.

Sasa mwilini kinatokea nini. Mtu aliyebanwa anakaza misuli muda wote, mabega yanapanda, shingo inakaza, mikono imeshikilia gadi kwa nguvu, na msuli uliokazwa unakula nguvu hata kama hujarusha ngumi hata moja. Halafu kuna pumzi. Bondia aliyetulia anatoa pumzi kila anaporusha ngumi, ndo ule mlio wa "tss tss" unaosikia, lakini mtu anayeshambuliwa mfululizo anabana pumzi akisubiri ngumi itue, anabana tena, anabana tena, mwisho wa raundi moyo unakimbia kama wa mtu aliyepanda ghorofa kumi ilhali kwa macho yako hakufanya kazi kubwa. Dakika moja ya mapumziko haitoshi kulipa hilo deni. Raundi ya kwanza analipa karibu lote, ya pili linabaki kidogo, ya tano anaingia ulingoni ameshachoka kabla kengele haijalia. Ndo maana presha haionekani mapema, matokeo yake yanajikusanya kimya kimya halafu yanatoka kwa pamoja.

Haya, turudi miguuni. Bondia mzima anasimama kwenye vidole, visigino vyake haviko chini muda mrefu, uzito anauhamisha huku na huku na anaweza kwenda upande wowote. Akianza kuchoka kitu cha kwanza visigino vinashuka. Hutaona kwenye uso wake, uso bado mkavu kabisa, ila ukiangalia kiatu unaona kinakanyaga chote. Mtu wa kisigino hawezi kuondoka haraka na hawezi kupiga kwa uzito. Dalili ya pili ni kurudi nyuma kwa mstari mmoja. Mwanzo alikuwa anarudi huku anapinda, hatua ya nyuma halafu ya pembeni, sasa anarudi moja kwa moja mpaka kamba imzuie, hiyo maana yake kichwa kimeacha kupanga, anakimbia tu hatari. Ya tatu miguu inaanza kukaribiana au kupishana, na mtu miguu yake ikipishana hata jebu nyepesi inaweza kumkalisha.

Ila ile ninayoiamini kuliko zote ni hii: angalia bondia anafanya nini baada ya KUPIGA yeye mwenyewe, usiangalie anafanya nini baada ya kupigwa. Bondia mwenye akili timamu na pumzi akipiga anahama, anapiga mbili tatu anatoka kwenye mstari. Aliyeanza kuvunjika anapiga anabaki pale pale, anaangalia kama ngumi yake imefanya kazi. Anaomba ile ngumi imsaidie. Anapiga nzuri kabisa, mashabiki wanashangilia, lakini hana tena nguvu ya kuondoka na yule wa presha ameshajua, anakubali kupigwa moja ili apige tatu. Ukiona hivyo raundi mbili mfululizo usidanganyike na makelele.

Mdomo kuwa wazi watu wengi wanautaja na ni dalili kweli, lakini uangalie vizuri. Kuna mabondia pua zao zimeshapigwa miaka mingi, hewa haipiti, wanapumua kwa mdomo toka raundi ya kwanza, huyo usimhukumu. Cha kuangalia ni mabadiliko, alikuwa anafunga mdomo raundi tatu na sasa hafungi, kinga ya meno inaonekana muda wote. Huyo amechoka, na pia yuko hatarini zaidi maana taya lililolegea linaumia kirahisi kuliko lililobana.

Halafu viwiko. Ini liko upande wa kulia chini ya mbavu, ndo maana ngumi ya kushoto ya kuzungusha ya mwilini inaogopwa hivyo. Ngumi ya ini ina tabia ya ajabu, haiumi hapo hapo, inapita sekunde moja hivi mtu bado amesimama vizuri, halafu mwili unazima wenyewe, anapiga goti huku akili yake iko sawa kabisa na anasikia kila kitu ila miguu haitii. Septemba 2004 Bernard Hopkins alimpiga Oscar De La Hoya ngumi ya hivyo raundi ya 9 Las Vegas, De La Hoya akabaki chini anapiga ulingo kwa glovu, anataka kuamka na mwili umegoma. Sasa mtu aliyekwisha onja ngumi za mwili anaanza kushusha kiwiko cha kulia, kidogo tu, sentimita chache, kulinda pale. Anafanya bila kujua. Kiwiko kikishuka na glovu imeshuka, na kichwa kimebaki wazi. Kwa hiyo ukiona jamaa anapiga mwili raundi nne bila faida inayoonekana usiseme anapoteza muda, yuko anafungua mlango wa juu.

Uso nao unasema ila uso ndo unaodanganya zaidi kwa sababu bondia anaweza kuutawala. Kutabasamu na kutikisa kichwa baada ya kupigwa, kama anasema hamna kitu, karibu kila mara maana yake ngumi imemuuma, ngumi isiyouma hakuna anayehangaika kuitolea maelezo. Kugusa gusa pua kwa glovu, kuvuta bukta, kulalamika kwa refa kuhusu kichwa au ngumi ya chini ya mkanda ambayo haikuwa ya chini, yote hayo ni mtu anatafuta sekunde zake zilizoibiwa. Na macho. Macho ya bondia yanatakiwa yawe kwenye kifua cha mpinzani, ukiyaona yanakwenda kwenye saa, kwa refa, au kona kwake katikati ya raundi, ujue sehemu ya huyo mtu ishatoka ulingoni.

Pambano ambalo mimi ningemwonesha mtu yeyote anayetaka kuelewa hili jambo ni la Julio César Chávez na Meldrick Taylor, Las Vegas, tarehe 17 Machi 1990. Wote wawili hawajawahi kupigwa. Taylor alikuwa na mikono ya haraka kupita kiasi, anapiga ngumi tano sita Chávez akiwa bado anajipanga, na kwa pointi alikuwa anashinda, majaji wawili kati ya watatu walikuwa wamempa uongozi mkubwa. Ukiangalia mikono tu unasema Chávez anafundishwa. Ila Chávez hakuacha kwenda mbele hata mara moja, ngumi yake moja ilikuwa nzito kuliko tano za Taylor, mbavu, taya, mbavu tena, na taratibu uso wa Taylor ukaanza kuvimba, damu mdomoni anaimeza, miguu iliyokuwa inacheza ikaanza kukanyaga chini, na akawa anabaki pale pale kubadilishana ngumi badala ya kupiga na kutoka. Raundi ya 12, ya mwisho, Chávez akamwangusha. Taylor akaamka, refa Richard Steele akamuuliza kama yuko sawa, hakujibu, macho yake yalikuwa yameenda kona kwake ambako kocha wake Lou Duva alikuwa amepanda pembeni ya ulingo. Steele akasimamisha pambano. Zilibaki sekunde 2.

Watu wanabishana mpaka leo kama refa alikosea, na kubishana ni haki yao maana sekunde 2 ni kitu kidogo na Taylor angeshinda kwa pointi. Mimi nipo upande wa refa. Pale ulingoni refa haangalii pointi, hata hazijui, anaangalia mtu aliyeulizwa swali na hakujibu. Na Taylor hakuwahi kuwa yule yule tena baada ya usiku ule, kwa hiyo presha ilishafanya kazi yake yote kabla ya zile sekunde 2.

Sasa isije ikaonekana kwamba anayekwenda mbele ndo anashinda siku zote, hapo ndo banda zima linapokosea. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, hapo jirani tu kwa Wakongo, Foreman yule yule wa kufunga njia alikutana na Muhammad Ali. Raundi ya kwanza Ali alijaribu kucheza kwa miguu na mwenyewe alikuja kueleza kwamba aliona anapiga hatua nyingi kuliko Foreman na hawezi kuendelea hivyo mpaka mwisho. Akaamua kwenda kwenye kamba kwa hiari yake. Kila aliyekuwa anaangalia akajua Ali anauawa. Lakini mwili wa Ali ulikuwa unasema kitu kingine, alikuwa ameegemea kamba na kamba zinabeba uzito wake, viwiko vimefunga mbavu, macho wazi yanaifuata kila ngumi, na anaongea, anamtukana Foreman sikioni, mtu aliyebanwa pumzi hawezi kuongea hivyo. Na ukimwangalia Foreman ngumi zake zilianza kuwa pana, zinakuja kwa kusukuma, baada ya kukosa mwili wote unaifuata ngumi na anapepesuka. Raundi ya 8 Ali akatoka kwenye kamba na kummaliza kwa KO. Yaani aliyekuwa kwenye kamba ndo alikuwa anampa mwenzake presha, alimwachia apige mpaka atumie kila kitu alichokuja nacho.

Kwa hiyo swali la kuuliza sio nani yuko kwenye kamba, ni nani amechagua kuwa pale. Aliyechagua anapumua, macho yake yanafanya kazi, anajibu kwa wakati wake. Aliyepelekwa anafumba macho ngumi ikija, anageuza kichwa pembeni, anafunika uso kwa glovu mbili na hajibu. Bondia wetu Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham Septemba 2018 kupigana na Sam Eggington, Mwingereza akiwa nyumbani kwao, raundi ya 2 Eggington aliingia kwenye hali hiyo ya pili, ngumi zinakuja na hakuna kinachorudi, refa akasimamisha. Refa anasubiri kuona kama kuna kinachorudi, akikosa anaingia katikati hata kama mtu bado amesimama.

Na presha inavunja hata wanaoitoa. Roberto Durán ni mmoja wa mabondia wakali wa presha waliowahi kuwepo, Juni 1980 pale Montreal alimbana Sugar Ray Leonard raundi 15 akashinda kwa pointi, Leonard mwenyewe alikubali kupigana kwa staili ya Durán siku ile. Novemba mwaka huo huo wakarudiana New Orleans na Leonard hakukubali tena, akawa anatoka, anazunguka, anamchezea, anamtania mbele ya dunia nzima. Raundi ya 8 Durán akageuka, akampungia refa mkono kwamba haendelei, basi. Hakuwa ameangushwa hata mara moja. Kwa bondia wa presha dalili ya kuvunjika ni hiyo, anaacha kutuma ngumi akifika, anafika karibu na mtu halafu anasimama, kama mtu aliyefika nyumba fulani na kusahau alichofuata. Halafu mabega yanashuka.

Dakika ya mapumziko nayo usiende kununua soda. Mimi naona ile dakika inaonesha zaidi kuliko raundi yenyewe, tatizo kwenye TV wanaweka matangazo. Ukiwa ukumbini kama Ubungo Plaza ama Diamond Jubilee unaweza kuiangalia yote. Bondia anatembeaje kwenda kona, ananyooka au anatafuta kamba ashike? Anakaa kwenye stuli au anaangukia? Kocha akiongea, macho ya bondia yako kwa kocha au yanaangalia kwa mbali juu ya bega la kocha? Akipewa maji anakunywa mwenyewe au yanamwagika tu? Na kengele ikilia nani anainuka kwanza. Kuna makocha wanamsimamisha bondia wao mapema makusudi ili yule wa kona ya pili amwone kasimama, na hiyo pia ni presha, haijatumia ngumi hata moja.

Nikija kwenye kinachoniuma, kona zetu nyingi hapa Dar zinajua haya yote, makocha wa gym za Keko, Temeke na Kinondoni wanasoma mwili wa bondia kuliko mimi, wengi walipigana wenyewe. Lakini kutupa taulo, yaani kocha kusimamisha pambano la bondia wake, kwetu inaonekana aibu. Jukwaani watu wanazomea, kijana nae ana ndugu na mtaa mzima umekuja, kocha anaogopa kuambiwa kauza pambano, basi wote wanaachia iende raundi moja zaidi. Na bondia ukimuuliza "uko poa?" atasema niko poa, siku zote, bondia wa kusema siko poa mbele ya watu ni wa kutafuta. Tarehe 13 Novemba 1982 Mkorea Duk Koo Kim alipigana na Ray Mancini Las Vegas mpaka raundi ya 14, mwanzoni alikuwa anashindana vizuri sana, halafu zile raundi za mwisho akawa anapokea tu. Alifariki siku chache baadae kwa jeraha la ubongo. Baada ya hapo WBC, moja ya mashirika yanayosimamia mikanda ya ubingwa wa dunia, ikapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 mpaka 12, na wengine wakafuata.

Ndo maana namheshimu sana Eddie Futch, kocha wa Joe Frazier. Tarehe 1 Oktoba 1975, Manila, Ali na Frazier mara ya tatu, kwenye joto kali, Frazier amempa Ali presha ya mbavu raundi kwa raundi mpaka Ali mwenyewe alikuja kusema pale ndo alikaribia kifo. Raundi ya 13 kinga ya meno ya Frazier ikarushwa nje ya ulingo, raundi ya 14 macho yake yalikuwa yamevimba kiasi kwamba ngumi ya kulia ya Ali inakuja na kichwa hakisogei kabisa, haioni. Futch alikuwa kona akahesabu hilo, kichwa hakisogei. Imebaki raundi moja tu, Ali nae kwenye kona yake ameisha na hakuna aliyejua kama angeweza kuinuka. Frazier akamwambia Futch bado anamtaka Ali, anataka kuendelea. Futch akamshika akamkalisha, akamwambia refa basi imeisha.